Yaya Mkenya ama Mganda? Angalia haya kwanza

Kila Januari simu yangu haipoi. Marafiki, binamu, majirani wa hapa South B, Nairobi, swali ni lile lile: yaya alienda nyumbani Krismasi na hajarudi, sasa nichukue Mkenya mwingine ama nijaribu Mganda, kwa maana nasikia wale hawaombi ruhusa kila saa. Nimeishi na wa pande zote mbili na wamenilelea watoto, kwa hivyo wacha niseme vile naona.

Kwanza hiyo ya "hawaombi ruhusa" itoe kabisa kichwani. Mtu akikwambia Mganda ni mzuri kwa sababu hana shangazi Kawangware wa kumtembelea Jumapili, anakwambia utapata mtu wa kufungia ndani. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba na likizo ya siku 21 kwa mwaka akilipwa, na haikuuliza kama ametoka Kakamega ama Mbale ya Uganda. Pesa pia ni hivyo hivyo. Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na bado kuna watu wanaenda biuro za kutafutia watu kazi kutafuta mgeni ili walipe nusu ya hiyo. Halafu kuna wale wanachukua kitambulisho cha msichana "wamwekee" asitoroke. Jamani, si sisi tunalia dada zetu wakinyang'anywa pasipoti huko Saudia? Kitambulisho chake kikae kwa mkoba wake, piga picha tu.

Sasa tofauti za kweli. Kubwa kabisa ni hii, shida ikitokea utampigia nani? Mkenya, hata akiwa ametoka ndani kabisa huko Kitui, anaweza kukuletea cheti cha tabia njema cha DCI, wale polisi wa upelelezi, kwao kuna chifu, na mama yake unaweza kuongea naye kwa simu ukamsikia ni mtu wa aina gani. Mganda mara nyingi ajenti anakuletea na picha ya kitambulisho kwa WhatsApp na jina la rafiki aliyevuka naye mpaka wa Malaba, basi, na huyo ajenti ukishamlipa kamisheni hashiki simu tena. Kwa hivyo kama una mtoto mchanga na unarudi kazini baada ya ile miezi mitatu ya uzazi, mimi nasema chukua Mkenya, tena aliyeletwa na mtu unayemjua, hata kama upishi wake si mzuri, chapati atajifunza.

Lakini watoto wakishaenda shule mambo hubadilika. Yule Mganda wangu alikuwa na subira ya ajabu, homuwaki ya Kiingereza alikuwa anaisimamia vizuri kuniliko. Kiswahili ndio kilikuwa shida, na watoto wa Nairobi tayari wanakipata kwa shida, kwa hivyo kama nyumbani nyinyi wote mnaongea Kiingereza lifikirie sana hilo. Na si wote wako hivyo, aliyetoka Busia upande wa Uganda anaongea Kisamia sawa na aliyetoka Busia yetu, na Kiswahili anacho, wengine wana ndugu pande zote mbili za mpaka.

Kuhusu makaratasi, watu wanachanganya sana. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka kwa kitambulisho tu, lakini kuvuka si kuajiriwa, kibali cha kazi bado kinahitajika na wewe mwajiri ndio unatakiwa kulifuatilia hilo. Ukiona ni kazi nyingi, basi usimchukue, kwa sababu msako wa uhamiaji ukipita ni yeye atalala seli.

Na ufikirie umbali kutoka upande wake. Mwaka 2020 Uganda ilipofunga mipaka kwa ajili ya korona, kuna mayaya walifiwa na hawakuweza kwenda kuzika. Ukiajiri mtu wa mbali jiulize kama uko tayari kumpa nauli usiku huo huo simu ikilia, na kumpa siku za kutosha, kwa maana basi la Mbale linalala njiani.

Hiyo ya Desemba sasa. Ongea naye Oktoba, awe Mkenya awe Mganda. Muulize anataka kwenda lini na kurudi lini, mlipe mshahara wote wa Desemba kabla hajapanda gari, nauli ya kwenda na ya kurudi iwe juu yako, na kama anataka nyongeza mmalizane hapo hapo akiwa bado jikoni kwako, usingoje akupigie Januari akiwa kwao.