Mama, weka chini kwanza hiyo chupa ya mafuta

Juzi nimepata meseji ya msomaji mwenye miaka 56: "Dada, nywele za utosini zinaisha, nipake mafuta gani?" Maswali ya namna hii yanakuja kila wiki, na wote mnauliza mafuta. Hakuna anayeuliza zinaisha kwa nini.

Mimi hedhi ilikoma nikiwa na miaka 51. Habari za joto la usiku nilishazisikia kwa dada zangu, ila za nywele hakuna aliyenidokeza. Njia ya katikati ikawa inapanuka taratibu, mpaka nikisimama kwenye kioo ngozi naiona. Siku moja saluni, binti aliyekuwa ananisuka akamwita mwenzake: "Njoo umwone mama, kabaki na uwanja wa mpira!" Watu wakacheka. Nililipa, nikafunga kilemba, nikaondoka kichwa upande kimesukwa, upande hakijasukwa. Mpaka leo mtaa ule sipiti.

Basi kila jirani akawa daktari. Maji ya kitunguu, mafuta ya mnyonyo, maji ya karafuu. Kichwa kilinukia pilau, mume wangu akahamia sebuleni, na nywele hazikuota.

Daktari wa ngozi hakuanza na dawa. Aliuliza hedhi ilikoma lini, naumwa nini, nameza vidonge gani, nasuka mtindo gani. Akanigawa nywele kwa kitana, akamulika ngozi. Kisha vipimo vya damu: wekundu wa damu, akiba ya madini ya chuma, na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Tezi ilikuwa salama, chuma kilikuwa chini. Akanieleza kwamba homoni ya kike ya estrojeni ikishuka hedhi inapokoma, vishina vya nywele vinaweza kusinyaa, hasa kama ukoo wenu mna hali hiyo, na kila unywele mpya unatoka mwembamba kuliko uliotangulia. Nilipewa vidonge vya chuma na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya kupaka. Wiki za mwanzo nywele zilinyonyoka zaidi, nikataka kuitupa. Leo njia ya katikati imefunikwa vizuri, na picha za harusi ya mwanangu nilipiga bila kilemba, wenye macho waliona!

Sasa tusikilizane. Nywele 50 hadi 100 kudondoka kwa siku ni kawaida, usilie. Zikimwagika ghafla kichwa kizima, rudi nyuma miezi miwili au mitatu: homa kali, upasuaji, msiba? Hizo mara nyingi huota zenyewe. Zikikuishia pembeni mwa paji, mshuku msusi kabla ya uzee, maana rasta na wivingi za kukaza miaka nenda rudi hung'oa kingo, na ngozi ikishakuwa nyororo inayong'aa, hapo hakioti kitu. Hata baadhi ya dawa za presha na za kuyeyusha damu hupukutisha nywele, lakini usiziache kwa shauri la shoga yako, kamuulize aliyekuandikia.

Ninaloliogopa mimi ni lile tatizo la nywele linaloanzia utosini na kutanuka kama duara, mara nyingine likiwasha, likichoma au kuuma ukigusa. Linatupata sana sisi wanawake weusi wa umri wa kati. Linaacha kovu ndani ya ngozi, na palipokwishaota kovu nywele hazirudi. Dawa yake ni kulizuia lisiendelee, ndiyo maana miezi ya kujaribu vitunguu inakugharimu. Nendeni kwa daktari wa ngozi. Tunao, na pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kizima kinachowafundisha.

Na saluni, mkikazwa mpaka nyusi zinapanda, semeni alegeze. Akinuna anune, kichwa chako na hela yako.