Jibu: Gari la kabureta linazima likipata moto, haliwaki mpaka lipoe

Mkuu, kama asubuhi linawaka vizuri na stata inazungusha kwa nguvu, usinunue betri mpya. Betri haina kosa hapo.

Ujanja ni kupima palepale linapozima, maana likishapoa ushahidi unapotea. Tembea na plagi moja ya akiba. Likizima, chomoa waya mmoja wa plagi, uvike kwenye hiyo ya akiba, chuma chake kiguse injini, mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono, na kama kuna harufu ya petroli usijaribu kabisa.

Cheche ikiwa hafifu, ya njano, au haipo, mimi naishuku koili kwanza, yaani kile kifaa kinachokuza umeme wa betri ili plagi itoe cheche. Nyaya zake za ndani zikipata joto zinaachana, zikipoa zinagusana tena, ndiyo maana gari linakuchanganya. Kondensa (kikopo kidogo kinacholinda platini isiungue) hufanya vilevile, na kwa bei yake ningeibadilisha pamoja na platini, ile swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili, bila kusubiri.

Cheche ikiwa ya buluu na kali, hamia kwenye mafuta. Fungua mfuniko wa tanki: ukisikia hewa inavutwa ndani kwa nguvu na gari likawaka, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Kama sivyo, angalia bomba la petroli lisipite karibu na ekzosi, kwani petroli ikichemka humo pampu inavuta mvuke tu.

Ukishapima tuambie cheche ilikuwa ya rangi gani.