Jibu kwa aliyeuliza: kijana ana Asperger au usonji ngazi ya 1?

Dada, umesema ripoti ya kijana wako ya 2012 iliandikwa Asperger, jina la zamani la aina moja ya usonji (autism), ya juzi imeandikwa usonji ngazi ya 1, na sasa mawifi wanasema daktari mmoja kawadanganya. Hakuna aliyewadanganya. Binti yangu naye alianza na karatasi yenye namba ya utambuzi F84.9, ikaja F84.1, na leo faili lake linasoma 6A02, zote namba za usonji na hali za jamii yake. Mtoto ni yule yule, anayeziba masikio mashine ya kusaga ikiwashwa.

Kinachobadilika ni vitabu wanavyofuata madaktari. Viko viwili. DSM, ya chama cha madaktari wa akili cha Marekani, iliingiza Asperger mwaka 1994. Toleo la tano, Mei 2013, likaiondoa na kuiweka pamoja na aina nyingine chini ya jina moja, usonji, lenye ngazi 3. ICD ya Shirika la Afya Duniani ilichelewa kuiondoa: ICD-10 ilibaki na Asperger kwa namba F84.5, mpaka ICD-11 ilipoanza kutumika rasmi Januari 2022. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya minane madaktari wawili waliweza kumpima mtoto mmoja, wakaandika majina mawili, na wote wakawa sahihi.

Mpaka wenyewe ulikuwa mwembamba. Kilichotenga Asperger na usonji mwingine hasa ni kama mtoto alichelewa kusema. Na mwaka 2012 mtafiti wa usonji Catherine Lord na wenzake, waliochunguza watoto katika vituo 12 vya vyuo vikuu, walionyesha kwamba jina alilopewa mtoto lilitegemea sana kituo alikopimiwa. Niliposoma hilo nilikasirika, maana nililia kwa ajili ya hayo majina. Lakini pia lilinitua mzigo.

Hapo kwenye ngazi ndipo naomba uwe macho. Ngazi haipimi akili. Inasema mtoto anahitaji msaada kiasi gani, na kwa kanuni ya DSM inatolewa mara mbili: upande wa mawasiliano na watu, na upande wa tabia za kujirudia. Tena inaweza kubadilika. Binti yangu akiwa nyumbani anajitegemea mambo mengi. Mpeleke kwenye darasa lililojaa, lenye kelele, utadhani ni mtoto mwingine. Shule ikisikia "ngazi ya 1" isije ikakwambia kijana hahitaji chochote. Ngazi ya 1 nayo ni ya mtu anayehitaji msaada. ICD-11 haitumii ngazi hizo kabisa, inaeleza uwezo wa akili na wa lugha, kwa hiyo mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu akiitafuta ngazi kwenye ripoti ya 6A02, ambayo ni namba ya ICD-11, anaweza asiione.

Usilipie vipimo upya kwa ajili ya jina tu. DSM-5 yenyewe imeandika kwamba aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na Asperger ahesabiwe kuwa na usonji. Muombe daktari barua fupi inayosema utambuzi wa 2012 ndio huu wa sasa, iambatanishe na ripoti zote mbili, na ile ya zamani usiitupe: ina habari za utotoni ambazo daktari wa watu wazima atakuja kuziulizia. Pia sisitiza aandike kijana anaweza nini mwenyewe na anakwama wapi, kwa mifano ya darasani. Shuleni kwetu aya hiyo ndiyo iliyompatia binti yangu muda wa ziada kwenye mitihani.