Shule inaomba ruhusa ya kukopa: maswali yenu na majibu

Kura za Mei na Novemba zikikaribia huku Marekani, barua zenu karibu zote huuliza jambo moja: wilaya ya shule inataka kukopa mamilioni ya dola kukarabati sekondari, nasi tufanyeje? Nimejibu zinazogusa wengi.

Shikamoo mwalimu. Wilaya yetu inaomba kura ili itengeneze paa na mabomba ya sekondari. Kwa nini serikali isitoe tu hizo fedha? (Mama wa watatu, Texas)

Marahaba, mama. Shule za umma huku si mali ya serikali kuu. Kwa kawaida ni mali ya wilaya ya shule, ambayo ina bodi yake na mamlaka yake ya kutoza kodi ya majengo. Jimbo husaidia sana kwenye mishahara na uendeshaji, lakini mzigo wa majengo huwaangukia zaidi wenyeji. Wilaya haina fedha taslimu za kujenga, kwa hiyo huuza hatifungani kwa wawekezaji, ikapata fedha leo, kisha ikalipa deni pamoja na riba kwa miaka 20 au 30 kutoka kwenye kodi yenu. Kura ndiyo ruhusa ya kukopa.

Sisi tuliokulia kwenye michango ya madarasa, mjumbe akipita na daftari nyumba kwa nyumba, tunaona ajabu kuulizwa kwanza. Ila kura ikishapita, huku hakuna wa kukwepa.

Haja yenyewe ipo. Mwaka 2020 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kuwa asilimia 41 ya wilaya za shule zilihitaji kutengeneza au kubadilisha mitambo ya joto na ubaridi katika nusu au zaidi ya shule zao. Hizo ni shule kama 36,000.

Wanasema kodi itapanda "senti mbili tu". Senti mbili za nini? (Baba mwenye nyumba, Texas)

Kwa kila dola 100 za thamani inayotozwa kodi. Tuseme nyumba yako imethaminiwa dola 340,000 na unaishi humo mwenyewe. Tangu mwaka wa kodi wa 2025, Texas inaondoa dola 140,000 katika hesabu ya kodi ya shule, zinabaki 200,000. Humo mna mafungu 2,000 ya dola 100. Zidisha kwa senti mbili, unapata dola 40 kwa mwaka. Msamaha huo lakini lazima uuombe kwa fomu, na nawajua wenzetu walionunua nyumba zamani ambao hawajaijaza mpaka leo. Ni bure, jamani. Mwenye miaka 65 au zaidi anaweza pia kufungiwa kodi ya shule isipande.

Walioko Ohio hesabu yenu ni nyingine. Kwenu kodi hupimwa kwa mili, na mili moja ni kama dola 35 kwa mwaka kwa kila dola 100,000 za thamani ya nyumba.

Kuna kauli moja ya kuiangalia vizuri: "kiwango cha kodi hakitabadilika." Inaweza kuwa kweli. Deni la zamani linakwisha, jipya linashika nafasi yake, nyumba nazo zinapanda thamani. Wasichokwambia ni kwamba bila deni jipya kiwango kingeweza kushuka. Ndiyo maana sheria ya Texas ya 2019 inalazimisha karatasi ya kura iseme wazi kwamba hilo ni ongezeko la kodi ya majengo, hata pale kiwango kinapobaki palepale. Bodi nyingi zinaichukia sentensi hiyo. Mimi naiona ni haki ya anayelipa.

Mimi ni raia, lakini nimepanga. Jirani anasema kura hii ni ya wenye nyumba. (Mpangaji, Columbus, Ohio)

Jirani amepitwa na wakati. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya New York iliyowafungia nje ya kura za shule watu wasiomiliki wala kupanga nyumba, na wasio na watoto shuleni. Mwaka uliofuata, katika kesi ya jiji la Phoenix, Arizona, ikasema kura za hatifungani zinazolipwa kwa kodi haziwezi kuwa za wenye mali peke yao. Tena kodi unailipa: mwenye nyumba huiingiza kwenye pango.

Nina green card, watoto wangu wanasoma hapohapo. Naweza kupiga kura?

Usipige. Usijiandikishe hata kama karani wa leseni za udereva atakusogezea fomu kwa nia njema. Ziko sehemu chache mno zinazowaruhusu wasio raia katika chaguzi fulani za mitaa; usikisie kwamba kwenu ni mojawapo. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na kosa hilo limewaharibia watu maisha. Mikutano ya bodi ya shule lakini ni ya wazi. Nenda, omba nafasi ya kuzungumza, uliza paa litaanza lini kutengenezwa.

Fedha za madarasa ziliishia kwenye uwanja wa mpira. Tutaaminije?

Mfano unaotajwa sana ni wa Allen, Texas. Wapiga kura waliidhinisha mkopo mwaka 2009, na uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa watu 18,000, wa takriban dola milioni 60, ukafunguliwa 2012. Mwaka 2014 ukafungwa kwa sababu ya nyufa kwenye zege. Haukuwa wizi: watu waliupigia kura wenyewe, ukiwa kifurushi kimoja na mambo mengine. Siku hizi Texas inataka uwanja wa watazamaji zaidi ya 1,000 uwe na swali lake peke yake, kwa hiyo unaweza kukubali madarasa ukakataa uwanja. California, kwa mikopo inayopita kwa asilimia 55, inalazimisha kamati ya wananchi ya kusimamia matumizi. Kwenu kama haipo, idaini.

Huku Washington tulipata asilimia 58 tukaambiwa tumeshindwa!

Kweli mmeshindwa. Jimbo lenu linataka asilimia 60 kwa mkopo wa majengo, Idaho theluthi mbili. Minnesota na Texas, nusu na kitu inatosha.

Mama yangu ni raia ila hasomi Kiingereza. Naweza kuingia naye?

Unaweza. Sheria ya Haki za Kura inamruhusu asiyeweza kusoma kuchagua wa kumsaidia, mradi asiwe mwajiri wake wala wakala wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Pitieni mfano wa karatasi ya kura nyumbani kwanza, mwandike pembeni alichoamua. Na kama ni Texas, simu ziacheni garini, haziruhusiwi kwenye chumba cha kura.