Maswali ya Wasomaji: Twende Saa Ngapi Kutazama Tiara Ufukweni?

Swali: Mhariri, nakusudia kuwapeleka wanangu wawili kwenye tamasha la kurusha tiara ufukweni. Je, tufike asubuhi au alasiri, na wao wanaweza kurusha vishada vyao vidogo?

Jibu: Ndugu msomaji, ningekushauri mfike alasiri. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake hupaa, na ile ya baridi iliyo juu ya maji huvuma kuingia pwani kuchukua nafasi hiyo. Na kwa kuwa upepo huo haukukatizwa na majumba wala miti, huipandisha tiara bila kuiyumbisha sana. Tiara nyingi za kawaida huhitaji upepo wa takriban kilomita 10 hadi 25 kwa saa. Asubuhi mara nyingi mtakuta vitambaa vimelala mchangani, ingawa mimi binafsi huipenda saa hiyo, kwani ndipo warushaji hufungua mafundo ya nyuzi na kupata nafasi ya kuzungumza na wageni.

Watoto warushe, ila mbali na eneo la tiara kubwa. Tiara kubwa ya kitambaa, kama ile yenye umbo la pweza, hufungwa kwa kamba kwenye mifuko ya mchanga, na kamba hiyo ikikazwa na upepo yaweza kumchubua vibaya anayeipita bila kuangalia. Wavae glavu, waupe upepo mgongo, na ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, washushe vishada mara moja, kwa sababu uzi uliolowa hupitisha umeme.