GIST ya sentimita 3: tumbo lote litolewe?

SWALI: Mama ana uvimbe wa GIST (aina ya saratani inayoanzia kwenye ukuta wa tumbo au utumbo) wa sentimita 3 kwenye tumbo la chakula. Daktari atakata kipande tu. Kwa nini asiondoe tumbo lote na tezi za limfu?

JIBU: Mpe mama pole. Kipande kinatosha, mradi kingo zake zikipimwa kwa darubini zisikutwe na seli za saratani. Kwa watu wazima GIST huenea kwenye tezi za limfu mara chache sana. Kuzitoa ni kumtesa bure. Cha kuogopwa ni uvimbe kupasuka: seli humwagika na saratani hurudi. Ndiyo maana haushikwi kwa koleo, na ukitolewa kupitia tundu dogo la upasuaji hutiwa kwanza ndani ya kifuko. Ukiwa karibu na umio, dawa ya imatinibu huweza kutangulia upasuaji ili kuusinyaza.