Ukivuka Ziwa, Omba Chai

Safari yangu ya kwanza kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, upande wa Kongo, kufuata vitenge nilibeba katoni nzima ya maji ya dukani. Wenzangu kwenye boti wakacheka: "Huyu anahamisha ziwa kulipeleka ziwani!" Niliwaacha wacheke. Siku tatu sikugusa maji mengine. Siku ya nne nilikuwa nimejikunja kwenye mkeka wa mwenyeji wangu, tumbo linaendesha, chooni natoka naingia tangu usiku wa manane.

Ninachokishuku ni juisi. Bilauri moja tu, sokoni, saa saba mchana, vipande vya barafu vinagongana ndani, na chupa yangu ya maji iko kwapani! Tunadhani ubaridi unaua vijidudu. Hauui, unavilaza tu. Barafu ikiyeyuka ni maji yaleyale ya dumu ambalo hukuona lilijaziwa wapi.

Sisi wa Kigoma tuna udhaifu mwingine, kuamini macho. Simama ufukweni Kibirizi asubuhi kukiwa shwari, kokoto za chini unazihesabu. Lakini mwambao huu wote, kwetu, Burundi, Kongo na Zambia, kipindupindu kimepita mara nyingi. Waulize waliokuwapo Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha huku kwetu ufukweni, na kipindupindu kikazuka.

Katoni siku hizi sibebi, mgongo wenyewe ndio huu. Nabeba vidonge vya klorini. Soma karatasi yake, maana kuna vya ndoo ya lita 20 na kuna vya chupa ndogo, kisha subiri nusu saa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi ulichokikunja mara kadhaa, la sivyo tope linakula dawa yote. Ukipata jiko, chemsha. Yakishatokota sawasawa, dakika moja inatosha. Ukiwa milimani, juu ya mita 2,000, acha dakika tatu. Yaache yapoe kwenye sufuria hiyohiyo na mfuniko wake. Ukinunua ya chupa, fungua mwenyewe na usikie kizibo kinakatika, maana chupa tupu zinaokotwa na kujazwa upya. Na mswaki nao upigie maji hayohayo salama.

Hayo yote mepesi. Kazi iko kwenye adabu. Unafika kwa mtu, hujavua hata viatu: "Karibu, mama, kunywa mayi." Kopo linachovywa kwenye ndoo mbele yako, vidole viwili vimezama ndani. Hata kama maji yalichemshwa jana, vile vidole vimeshayarudisha yalikotoka. Kukataa maji ya mwenyeji ni kama kumwambia nyumba yake chafu, nami mwanzoni nilikuwa nagusisha midomo tu na kujifanya nakunywa. Upuuzi, kwa sababu tone pia ni maji. Sasa nawahi kabla sijakaa: "Mama, ziwani kulikuwa na baridi, ningeomba chai." Chai lazima ichemke. Hakuna anayekasirika, na mara nyingi inakuja na muhogo.

Ikikupata hata hivyo, usianze na dawa za kufunga tumbo. Rudisha maji mwilini: pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kukoroga kwenye maji, au lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta. Ukiona choo kimekuwa kama maji ya kuoshea mchele, usingoje kukuche, nenda hospitali.

Mimi siku ile sikuwa na pakiti. Mwenyeji wangu alileta sukari na chumvi, akaanza kutafuta maji ya kukorogea. Nikamwonyesha kona. Katoni yangu ilikuwa bado na chupa tano.